Kwa Sasa Papa Hayuko Ofisini

Mwaka jana, mvua za Septemba zilipoanza, wamama wa chama kimoja cha wakulima cha Luvungi walikaa siku kumi na mbili bila kupanda mihogo yao kwa sababu yangu. Vijiti vya kupandia vilikuwa vimeshakatwa na kusimamishwa kivulini nyuma ya jiko, na kijiti cha muhogo hakikai sana. Wiki mbili hivi, kisha kinaanza kukauka, na msimu unapita. Mimi sikuwa nimewahi kufika Luvungi. Nilikuwa Nguba, mjini, kwenye ofisi yetu inayotazama ziwa, na kosa langu nilikuwa nimelifanya miezi mitatu kabla, nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikipanga koma za ujumbe mmoja.

Ofisi yetu ni ya shirika dogo linalofanya kazi na wakulima. Mradi mkubwa ulipoisha mwezi wa sita, watu tisa walimaliza mikataba yao siku moja. Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Maman Coordinatrice, akaniita, maana mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta. Sina diploma ya kazi hiyo. Nilijifunza kwa video za simu, nikikaa kwenye ngazi ya jirani ambako wifi yake ilikuwa inafika, na kwa kuharibu kompyuta ya mjomba wangu mara mbili na kuitengeneza mara mbili. Kwa hiyo kila kazi ninayopewa naiona kama mtihani ambao wenzangu walishafaulu zamani, na mimi nimeingia chumbani bila kuandikishwa.

"Ma fille," aliniambia, "zile adresi za mail za batu benye balitoka, usizifunge kwanza. Mutu akiandika, ijibu yenyewe: huyu hatumike tena hapa, andika kwa adresi ya biro, ile ya ofisi yote. Mistari mbili, inatosha."

"Kwa Kifaransa ao kwa Swahili, Maman?"

"Zote mbili. Na usifungue mail ya batu. Ile ni mambo yao."

Kwa watu wanane niliandika mistari miwili. Nilipofika kwa wa tisa, nilishindwa.

Wa tisa alikuwa Papa agronome, mtaalamu wa kilimo, mzee wetu wa mihogo na maharage. Nilikuja ofisini mara ya kwanza kutengeneza imprimante yake, mashine ya kuchapa. Alivuta kiti, akanitazama saa nzima nikiifungua na kuifunga, kisha akaenda kwa Maman Coordinatrice akamwambia, "Huyu mutoto abaki hapa." Hivyo tu ndivyo nilivyopata kazi. Siku aliyoondoka, alitia buti zake za mpira na kalenda yake ndani ya mfuko, akanipa mkono, akateremka ngazi. Safari yake ya mwisho ya kwenda kuwaaga wakulima ilikuwa imefutwa kwa sababu gari lilikuwa garaji. Nami sasa nilitakiwa kuandika kwamba hafanyi kazi tena hapa. Niliandika hivyo, nikasoma, nikaona ni kama tangazo lililobandikwa mlangoni na mtu mwenye hasira. Nikafuta.

Nyumbani kwetu mama yangu hamruhusu mtu aseme kilichomleta kabla hajaulizwa habari za kwake. Hata mwenye kuleta taarifa ya msiba anakaa, anaulizwa watoto, ndipo anasema. Sikutaka kompyuta yangu ikose adabu ya mama yangu. Nilifanya kazi siku mbili juu ya ujumbe ule. Nilijifungia chooni nikausoma kwa sauti. Mwishoni ukawa hivi:

"Jambo yako. Habari ya leo? Watu wa nyumbani wako salama? Mesaji yako imefika vizuri. Kwa sasa Papa hayuko ofisini. Tunakuomba uvumilivu kidogo, utapata jibu. Ubaki na amani."

Kulikuwa na sehemu ya kuchagua: jibu litumwe mara moja tu kwa kila mtu, au kwa kila ujumbe? Nilichagua kila ujumbe. Niliogopa mtu asije akaukosa ule wa kwanza. Kisha nilijaribu kwa simu yangu mwenyewe, nikamwandikia Papa neno moja, na baada ya dakika moja jina lake likatokea kwenye skrini likiniuliza kama watu wa nyumbani wako salama. Nakiri kwamba nilijaribu tena mara mbili, ingawa nilikuwa nimeshaona kwamba inafanya kazi.

Miezi ikapita. Jumanne moja asubuhi nikapata onyo kwamba adresi ya Papa iko karibu kujaa. Sikuelewa. Adresi ya mtu aliyetoka inajaaje? Nilifikiria virusi, nikafikiria kwamba nimewafungulia wezi mlango. Niliambiwa nisifungue. Nikafungua.

Kilichojaza nafasi yote kilikuwa picha za majani. Zilitoka kwa mtu mmoja, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa siku kumi na mbili zilizopita:

"Jambo Papa. Ni mimi mama secrétaire wa chama cha Luvungi. Tumekata vijiti ya muhogo mu shamba yetu ya zamani. Lakini majani iko na madoa ya manjano. Ulitukataza kupanda bila kukuonesha majani. Angalia foto. Simu yako haipite. Tupande ao tusipande?"

Chini yake lilikuwa jibu langu, limetumwa dakika ileile. Na chini ya jibu langu, la kwake:

"Aksanti Papa kwa kuuliza. Kwa nyumba tuko salama. Mutoto wa mwisho ameota meno mbili ya chini. Mama mukwe anakohoa. Tunangoya jibu."

Na mimi, yaani mashine niliyoifundisha, nikamuuliza tena watu wa nyumbani. Naye akajibu tena. Hangeweza kuacha. Kwetu, mtu akikuuliza nyumba, unajibu nyumba.

"Papa, aksanti tena. Mama mukwe kikohozi imepunguka. Jana mvua ilinyesha, majirani banapanda. Sisi tunangoya wewe."

"Papa, wamama bananiuliza kama umetukasirikia. Nimebaambia hapana, Papa anajibu kila mara, na mbio sana. Anaomba tu uvumilivu."

Wa mwisho ulikuwa wa jana yake:

"Papa, vijiti imeanza kukauka juu. Wamama wawili banasema batapanda kwa kujificha. Nimebakataza juu ya neno lako. Foto zingine hizi. Kwa nyumba tuko salama."

Nilisoma barua zake kumi na moja, zote. Kisha nikaenda kwa Maman Coordinatrice. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda nyumbani.

"Maman, nimefungua mail ya Papa."

"Nilikuambia nini?"

"Usifungue."

"Na mbele ya pale nilikuambia nini?"

"Mistari mbili."

Alichukua karatasi niliyokuwa nimeshika, akasoma ujumbe wangu wa mistari ile mingi. "Mistari mbili! Na wewe ukaandika salamu ya harusi." Kisha akasoma barua za yule mama. Alisoma polepole, akarudi nyuma, akavua miwani. "Mutoto ameota meno," alisema peke yake. Baadaye akanitazama. "Wewe unajua mihogo?"

"Hapana, Maman."

"Mimi nilisomea histoire, mambo ya zamani. Ma-agronomes yote balienda na mradi." Alifungua droo ya meza yake, akatoa simu iliyozimika: ilikuwa ile ya kazi ya Papa. Alikuwa ameirudisha pamoja na ufunguo. Ndiyo sababu haikupita. "Anakaa Bagira, nyuma ya kanisa. Anaimba mu chorale, uliza mutu yeyote. Nenda. Utalia kisha."

Nilitaka kumpelekea kila kitu kikiwa safi. Nikachapa barua zote na picha zote. Lakini wino wa manjano wa imprimante ulikuwa unakaribia kwisha, na shida yenyewe ilikuwa ya manjano: madoa yalipotea, majani yakatoka ya kijani kinachoelekea bluu, mazima kabisa, mazuri kama ya kwenye kalenda. Nilisimama pale nikitazama jinsi ambavyo ningeweza kuua shamba mara ya pili. Nikaziweka picha kwenye simu, nikachukua barua tu, nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Bagira.

Papa alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona akacheka.

"Fundi! Imprimante imekufa tena?"

Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, kwa utaratibu, kuanzia mwanzo. Yote yalitoka kwa pumzi moja na kwa kinyume, vijiti kwanza, kisha salamu, kisha miezi. Nilipofika mwisho, alinyoosha mkono.

"Foto."

Alizikuza kwa vidole viwili, akazisogeza huku na huku. Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa kazini.

"Amepiga juu tu. Chini ya jani haioneke. Hii inaweza kuwa jua, inaweza kuwa ule ugonjwa mubaya wa kuoza ndani." Akaingia nyumbani, akatoka na daftari kuukuu, akatafuta namba kwa kidole. "Piga hapa. Weka sauti kubwa."

Simu ililia mara nne.

"Allô? Nani?"

"Ni mimi, Papa wa mihogo."

"Papa! Umepona?"

"Nilikuwa mugonjwa?"

"Sisi tulifikiri vile. Mutu mwenye anauliza nyumba kila siku na hasemi kitu juu ya shamba, iko na shida huyo. Tulikuombea mu misa."

Papa akanitazama. Nilitamani akae kimya juu yangu, na nilitamani aseme. "Mama," alisema, "haikuwa mimi. Mimi nilitoka kazi tangu mwezi wa sita. Ni kompyuta ilikuwa inajibu."

"Ni kompyuta ilikuwa inauliza mutoto wangu?"

Nikaisogelea simu. "Hapana, Mama. Ni mimi niliandika yale maneno. Niko mutoto wa biro. Nilisema utapata jibu, na hakukuwa mutu wa kujibu. Unisamehe."

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga mbali. Kisha sauti yake ikarudi.

"Meno sasa iko nne," alisema. "Kukasirika, nitakasirika kisha, nafasi iko. Sasa Papa aseme: tupande?"

Papa akainama juu ya simu kama mtu anayeongea na mgonjwa. Alimwambia arudi kwenye shamba walikokata vijiti, ang'oe mashina matatu, moja juu, moja katikati, moja chini kwenye mfereji, na akate mihogo yenyewe kati. Ndani ikiwa nyeupe, vijiti vya upande ule ni vizima, wapunguze ncha zilizokauka, wapande. Ndani ikiwa na madoa ya kahawia, wasipande hata kijiti kimoja cha upande ule, wachome.

"Tunaenda," alisema, na simu ikakatika.

Tulingoja saa moja na zaidi. Nilimpa zile barua kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Alizisoma moja moja, akizipanga juu ya goti baada ya kuzisoma, na maharage yakabaki kwenye ungo. Kwenye ile ya kikohozi alitikisa kichwa. Kwenye ile iliyosema wanamwombea misa, ambayo mimi nilikuwa nimeipita haraka bila kuielewa, alikaa sana.

"Hizi zote zilikuwa zangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Mimi nilifikiri balinisahau mbio vile." Alisema kwa sauti ya kawaida, akitazama maharage. "Miezi mitatu, hakuna mutu alinipigia. Nikasema sawa, kazi imeisha, na mutu anaisha."

Nikamwonyesha ujumbe wangu, kwa sababu nilifikiri ana haki ya kuuona. Aliusoma mpaka mwisho.

"Salamu ni muzuri. Umefundishwa kwenu." Akanirudishia karatasi. "Lakini mimi nilitoka mu kazi, sikutoka mu dunia. Uandike nimetoka, na uweke namba yangu ya nyumba. Ulikuwa unanionea haya?"

"Nilikuwa naogopa kuiandika," nikamwambia.

"Mimi pia nilikuwa naogopa kuisoma," alisema, akaanza tena kuchambua maharage.

Nilibadilisha ule ujumbe palepale, kwa simu, mistari mitatu, bila kuisoma mara ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Simu ikalia. Yule mama alikuwa anahema.

"Papa, ya juu nyeupe. Ya katikati nyeupe. Ya kwenye mufereji iko na kahawia. Ndani kabisa, kama kutu."

"Vijiti mulivichanganya?"

"Hapana. Kila mama alifunga vyake na kipande cha kitenge yake, na kila mama alikata kwa sehemu yake. Tunajua cha nani ni cha wapi."

"Basi Mungu asifiwe. Ya mufereji ni ya nani?"

Nilijua kabla hajasema, na Papa pia alijua, maana alifumba macho.

"Ya kwangu," alisema. "Ya kwangu peke yangu. Nitachoma leo."

Ningependa kuandika kwamba kungoja kwao kuliokoa kitu, na Papa alisema hivyo: bila neno lake wote wangepanda, na yule mama pamoja nao, na kutu ile ingeingia shamba jipya lote. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba katika siku zile kumi na mbili vijiti vingi vizima vilikauka hata havikufaa kupunguzwa, na kwamba kama angepata jibu siku ya kwanza angekuwa na muda wa kutafuta vingine. Nimejaribu kuweka mambo haya mawili kwenye mizani mara nyingi na sijapata matokeo.

Wenzake yule mama hawakupima. Siku ya Alhamisi alimpigia Papa kumwambia kwamba wamama wamekutana, na kila mmoja amemtolea vijiti vyake vichache, hata wale wawili wa kujificha. Haitatosha shamba lake lote, lakini mistari minane itajaa, na sehemu iliyobaki atatia maharage. Watampandia Jumamosi. Papa alisema atakwenda. Kisha akasema kwamba mutoto wa biro pia atakwenda, na akanijulisha baadaye.

Maman Coordinatrice alitoa gari la ofisi, na pamoja nalo mfuko wa sukari na sabuni. "Usiende mikono mitupu," alisema, "na usiende kuomba musamaha kila dakika, utachosha batu." Tuliteremka kupitia Kamanyola, joto likipanda kila kona, Papa mbele na buti zake za mpira, mimi nyuma nikipanga maneno.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Yule mama alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, mgongoni amembeba mtoto ambaye nilijua meno yake. Alinishika mkono, akaniangalia kwa makini usoni, akauliza kama mama yangu yuko salama na kama nimekula. Halafu akanipa jembe. Papa alikuwa ameshazungukwa na wamama, kila mmoja anamwonyesha jani, wengine wanamtania kwamba amenenepa kwa kukaa bure.

Nilipewa mstari wa nane, wa mwisho, kando ya njia. Nilionyeshwa mara moja: chimba, kilaze kijiti upande kidogo, macho yake ya kuchipua yatazame juu, funika, kanyaga. Nilichomeka cha kwanza, nikakichomoa. Nikakirudisha. Nikainama kutazama kama kimelala sawa na cha mstari wa jirani.

"Unafanya nini?" aliuliza yule mama kutoka upande wa pili.

"Ninapima, Mama."

"Unapima nini?"

"Sijui kama kimelala sana."

Alitazama upande wa milima, ambako wingu lilikuwa limeshateremka nusu. "Mvua iko inakuja. Chomeka tu, songa."

Nikachomeka, nikasonga. Mikono ilianza kuuma, na kwa muda fulani sikufikiria kitu kingine ila shimo lililofuata. Matone ya kwanza yalianguka nikiwa na vijiti vinne hivi mkononi. Nilipogeuka kuona nilipotoka, yule mama alikuwa anapita kwenye mstari wangu akikanyaga udongo. Alisimama, akainama, akachomoa kijiti kimoja nilichokuwa nimekipanda kichwa chini, akakigeuza, akakirudisha. Hatua tatu mbele akageuza kingine. Hakutazama upande wangu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake na mvua ilikuwa inaongezeka. Nikachukua kijiti kilichofuata, nikatafuta macho yake kwa kidole gumba, nikakilaza.